Samaki walitoka hapa, majibu nayo yarudi hapa

Jumamosi asubuhi nilikuwa Kirumba Mwaloni, soko la samaki la Mwanza kando ya Ziwa Victoria, kwenye meza ya mama ninayenunua kwake sato miaka yote. Alikwangua magamba, akampasua samaki tumbo kwa kisu chake kifupi ambacho mpini wake umezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli, akaingiza vidole viwili, akavuta utumbo wote kwa mara moja na kuutupa kwenye ndoo.

"Mama, umewahi kukuta plastiki humo?"

"Plastiki? Mwanangu, mimi utumbo nautoa tu, siukagui."

Wapo walioukagua. Mtafiti Fares Biginagwa na wenzake walinunua sangara 20 na sato 20 katika soko la hapa hapa Mwanza, wakapeleka matumbo maabara. Wakayeyusha nyama kwa kemikali, kisha vile vipande vilivyogoma kuyeyuka wakavipima kwa mwanga wa infraredi ili wajue ni vya kitu gani. Sangara 11 na sato 7 walikuwa na vipande vya kutiliwa shaka. Vipimo vilipokamilika, plastiki ikathibitika katika samaki wanne kwa kila 20, sangara na sato sawasawa. Kulikuwa na polithini, poliesta, hata mpira wa silikoni. Matokeo yakatoka katika jarida la kisayansi mwaka 2016, yakiwa ushahidi wa kwanza wa chembechembe za plastiki ndani ya samaki wa Maziwa Makuu ya Afrika.

Samaki wetu, soko letu. Nimewauliza wauza samaki wengi pale mwaloni na sijampata hata mmoja aliyewahi kulisikia jambo hili.

Siwalaumu watafiti. Kuchapisha ndiyo kazi yao, na kazi hii waliifanya kwa uangalifu mkubwa. Kinachoniuma ni kwamba hatujaweka njia yoyote ya kuyarudisha majibu pale sampuli zilipochukuliwa. Bei ya dagaa ikipanda alfajiri Kirumba, kabla jua halijakolea wachuuzi wa Igoma na Buhongwa wameshajua. Habari ya kilichomo tumboni mwa sangara ina miaka mingi na bado haijafika mezani kwa mama huyu.

Basi nikamweleza mwenyewe, nikisisitiza kwamba plastiki ilikutwa tumboni na kwamba hakuna aliyesema tuache kula samaki. Alisikiliza huku akiosha kisu. Kisha akauliza, "Na dagaa je? Huyo hatumtoi utumbo."

Swali hilo sijaacha kulifikiria. Utafiti ule ulihusu sangara na sato, samaki ambao matumbo yao tunayatupa. Dagaa tunamla mzima, kichwa na utumbo. Tunamsaga kwenye unga wa lishe tunaowakorogea watoto uji. Mama huyu hajawahi kuingia maabara, lakini baada ya dakika tano za maelezo alishafika kwenye swali linalofuata. Majibu yakifika mwaloni, maswali mazuri yatatoka mwaloni.

Na si plastiki tu. Kila anayeishi kando ya ziwa anaujua ule utando wa kijani unaojikusanya ufukweni maji yakitulia, mzito kama rangi ya ukuta iliyomwagika. Unalishwa na naitrojeni na fosforasi kutoka vyooni, mashambani na kwenye udongo unaosombwa na mvua. Ndani yake mna bakteria ambao baadhi yao hutengeneza sumu iitwayo mikrosistini, inayoshambulia ini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita ya maji ya kunywa kwa aina yake inayojulikana zaidi, na watafiti wameshaikuta sumu hii katika ghuba yetu ya Mwanza.

Hapa naomba tusikilizane vizuri: kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Tumelelewa na wito mmoja tangu enzi za kipindupindu, chemsha maji, na kwa kipindupindu ni wito sahihi kabisa. Lakini moto ukiwapasua bakteria hawa, sumu iliyokuwa ndani yao humwagika majini na kubaki humo. Mtu anayechota penye utando, akachemsha, akanywa kwa amani, ametii kila alichofundishwa. Nani alimwambia asogee mbali na ule ukijani kabla ya kuzamisha ndoo?

Ninachodai hakihitaji bajeti kubwa. Kibali chochote cha kuchukua maji, tope au samaki wa ziwa hili kiwe na sharti: kazi ikiisha, mtafiti au mwakilishi wake arudi kwenye mwalo uleule. Alete ukurasa mmoja wa Kiswahili ubandikwe kwenye ubao wa BMU, kikundi cha wavuvi na wadau wa mwalo kinachosimamia uvuvi, na akae saa moja ajibu maswali. Wapo wazee watakaohitaji kutafsiriwa kwa Kisukuma au Kikerewe, na watafsiri hawakosekani. COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, ndiyo inayotoa vibali vya utafiti nchini, kwa hiyo mahali pa kuliandika sharti hilo tayari papo.

Mama alinifungia sato wangu, akahesabu chenji, halafu akanishika mkono kabla sijaondoka. "Ukimwona huyo mtaalamu, mwambie aje. Nitampa sado nzima ya dagaa, asinilipe. Ila akishapima, arudi aniambie."