Kifaranga anatosha kutufundisha kumbukumbu ya binadamu?

Wafugaji wengi wa Iringa, Njombe na Mbozi humwekea mtetea wa kienyeji mayai ya kanga, kwa sababu kanga wa kufugwa si mwatamiaji wa kutegemewa. Wakishatotolewa, vifaranga hao wenye mistari humfuata kuku kama mama yao wa damu. Akiparua, wanakimbilia. Akitoa mlio wa hatari, wanajibanza chini ya mbawa zake. Saa chache za mwanzo wa maisha zimetosha kuandika kichwani mwao nani wa kumfuata.

Mtafiti wa ubongo Gabriel Horn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walitafuta maandishi hayo yako wapi. Walichukua vifaranga wa kuku waliototolewa gizani, wakawaonyesha kisanduku chekundu chenye taa badala ya mama, na vifaranga wakakiandama. Mwaka 1988 Horn na Brian McCabe waliripoti kuwa baada ya mafunzo hayo vipokezi vya aina ya NMDA, yaani protini zinazopokea glutamati, kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kupeana ujumbe, viliongezeka katika eneo dogo la ubongo wa mbele, upande wa kushoto. Vipokezi hivyo vikizibwa kwa kemikali iitwayo AP5, kifaranga hujifunza kwa shida. Na mwaka 1986 Richard Morris na wenzake walikuwa wameshatumia AP5 hiyohiyo kwa panya waliotakiwa kukumbuka mahali palipofichwa jukwaa ndani ya maji. Panya nao walishindwa.

Ndege na mamalia walitengana katika ukoo takribani miaka milioni 320 iliyopita, lakini kipokezi hiki kinafanya kazi kwao kwa namna ileile. Glutamati pekee haikifungui. Tundu lake huwa limezibwa na iyoni (chembe yenye chaji) ya magnesiamu, na iyoni hiyo hutoka pale tu seli inayopokea ujumbe inapokuwa tayari imesisimka. Mambo hayo mawili yakikutana, kalsiamu huingia, na muunganiko wa seli hizo mbili huimarika. Kujifunza, kwa kifaranga na kwa mtoto wa darasa la kwanza, kunapitia hapo.

Ushahidi ulionigusa kuliko wote haukutoka maabara. Mwaka 1987 watu zaidi ya 100 waliugua Canada baada ya kula kome waliobeba asidi ya domoiki, sumu ya mwani mdogo wa baharini. Wengine walikufa, na baadhi ya walionusurika walipoteza kumbukumbu. Mwaka 1991, katika ghuba ya Monterey huko California, ndege wa majini, wafinzi (wari) na minandi, walikufa kwa sumu hiyo baada ya kula samaki walioibeba. Sumu hiyo hujishika kwenye vipokezi vingine vya glutamati, vya aina ya kaineti, na kuzisisimua seli za ubongo hadi zife. Haikubagua mwenye manyoya na mwenye nywele.

Upande wa pili tunaujua zizini. Ivermektini tunayowachoma ng'ombe hupoozesha minyoo kwa kufungua vipokezi vya glutamati vinavyopitisha kloridi, ambavyo ndege na mamalia hawana kabisa. Kwa jambo hili kuku yuko karibu sana na sisi, mbali sana na mnyoo.

Ndiyo maana naunga mkono vyuo vyetu, Mkwawa pale Iringa na vile vya Mbeya, kumtumia kifaranga kufundishia na kuchunguzia kumbukumbu bila kungoja maabara ya panya. Mayai yapo kila kijiji na kifaranga hujifunza siku ileile anayototolewa. Ila hoja hii ni msumeno. Glutamati hubeba pia ujumbe wa maumivu, kwa hiyo anayemtumia kifaranga kwa sababu anafanana nasi hawezi kumtendea kama kitu kisichohisi.

Wanaopinga wana hoja nzito, na wanaoshabikia ufanano huu mara nyingi huiruka. Kipokezi ni protini tu. Swali ni kimewekwa wapi, kwa wingi gani, na kwenye mtandao upi. Mwaka 2004 Kazuhiro Wada, Erich Jarvis na wenzao waliwalinganisha ndege wanaojifunza sauti, yaani ndege waimbaji, kasuku na wavuma (kwa Kiingereza hummingbird). Katika maeneo ya ubongo yanayohusika na sauti walikuta jeni za vipokezi vya glutamati zimeongezwa au kupunguzwa nguvu tofauti na sehemu zilizo jirani. Ubongo mdogo wa kuku, yaani sehemu ya nyuma ya ubongo iitwayo serebela, kwa upande wake, una protini inayoshika kaineti ambayo mamalia hawana. Na mwaka 2025 watafiti waliolinganisha seli za ubongo wa ndege, mijusi na mamalia walionyesha kuwa mitandao ya ubongo wa mbele wa ndege na ya gamba la ubongo wetu hujengwa kwa njia tofauti tangu kwenye kiinitete, hata pale inapoishia kufanya kazi zinazokaribiana.

Hoja hiyo hainiondoi kwa kifaranga, lakini inanionyesha pa kukomea. Swali likiwa muunganiko wa seli mbili unaimarikaje, au sumu fulani inaua seli kwa njia gani, jibu la kifaranga nalipokea kwa uzito uleule wa jibu la panya. Swali likiwa ugonjwa wa akili wa skizofrenia, au mzee aliyeanza kuwasahau wajukuu wake, hapo tatizo liko kwenye mitandao mizima ya ubongo, na mitandao ndiyo iliyotofautiana. Dawa iliyomsaidia kifaranga kukumbuka kisanduku chekundu nitataka ithibitishwe kwa mamalia kwanza, kabla mtu yeyote hajaitaja mbele ya familia inayomuuguza mgonjwa.