Fimbo za ndege za Benin: zirudi kasri au zibaki makumbusho?

Katika sikukuu ya Ugie Oro, wakuu wa kasri la Benin, kusini mwa Nigeria, hushika fimbo za shaba ya manjano zenye ndege kileleni na kumgonga ndege huyo mdomoni kwa ufito. Simulizi za Waedo, wenyeji wa Benin, zinasema Oba (mfalme) Esigie alipotoka kupigana na ufalme jirani wa Idah, mwanzoni mwa karne ya 16, ndege wa uaguzi alilia akitabiri kushindwa. Esigie akaamuru auawe, akaenda vitani, akashinda. Kisha akawaagiza mafundi wake wamsubu ndege yule kwa shaba. Kwa hiyo kila anayemgonga anakiri hadharani kwamba hata ubashiri haumzidi Oba.

Mwaka 1897 Waingereza waliuteka mji, wakampeleka Oba Ovonramwen uhamishoni Calabar na kubeba maelfu ya vitu, fimbo hizi zikiwemo. Machi 2023 Rais Buhari wa Nigeria alitangaza kwamba vitakavyorudishwa ni mali ya Oba wa sasa, Ewuare II. Kelele zikaanza, na Chuo Kikuu cha Cambridge kikaahirisha makabidhiano ya vitu kilivyokuwa navyo.

Wanaopinga vitu hivi kukabidhiwa Oba wana hoja nzito. Wanasema urithi wa taifa haufai kuwa wa ukoo mmoja. Nzito zaidi ni ile ya Restitution Study Group ya New York, kikundi kinachotetea wazao wa watumwa: shaba iliingia Benin kama bangili za manila, ambazo Wareno walizitoa kuwa malipo ya watu waliouzwa utumwani. Wazao wa watu hao, wengi wao wakiwa Marekani, nao wana damu yao humo. Hoja hii inaniuma, na kasri halijaijibu ipasavyo.

Hata hivyo, sioni inavyoyapa makumbusho ya Ulaya haki ya kuendelea kushikilia kilichoporwa. Tena tunakosea kuvichanganya vitu vyote. Mabamba ya shaba yanasimulia historia, na yanaweza kuisimulia vizuri ukutani mwa makumbusho ya umma. Fimbo ni ala. Ndani ya kabati la kioo haipigwi, na isipopigwa haimtukuzi Oba wala haimkumbushi mtu lolote. Mwaka 2025 kasri na tume ya taifa ya makumbusho walikubaliana tume isimamie vitu hivyo kwa niaba ya Oba. Makubaliano hayo yanatoa nafasi nzuri: fimbo zitolewe kwa Ugie Oro, na siku nyingine zionyeshwe kwa umma, pamoja na maelezo ya wazi ya namna shaba ilivyopatikana na nani waliuzwa.