Dawa ileile, hitilafu ileile, matokeo mbalimbali: hoja ya biolojia ya mifumo

Mwaka 2011 Marekani iliidhinisha vemurafenib, dawa inayoizuia protini ya BRAF pale inapopata hitilafu na kuiamuru seli igawanyike bila kikomo. Kati ya wagonjwa wa melanoma, saratani kali ya ngozi, waliokuwa na hitilafu hiyo, karibu nusu uvimbe wao ulinywea. Hitilafu hiyohiyo hupatikana pia katika baadhi ya saratani za utumbo mpana, kwa hiyo madaktari walitarajia nafuu ileile. Haikuja. Waliopata nafuu walikuwa kiasi cha 5 tu katika kila 100.

Sababu ilielezwa mwaka 2012 na watafiti wa Amsterdam. BRAF inapofanya kazi, njia yake ya ishara hukibana kipokezi kiitwacho EGFR, protini iliyoko juu ya seli inayopokea ishara za ukuaji. Ukiizima BRAF, kipokezi hicho kinaachiliwa, nacho kinaiwasha upya njia ya ukuaji kwa mlango mwingine. Seli za melanoma kwa kawaida zina EGFR kidogo sana, ndiyo maana dawa iliziweza. Za utumbo mpana zinacho tele. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha kwa saratani hiyo ya utumbo tiba inayozuia vyote viwili kwa pamoja, BRAF na EGFR.

Ukitaka kujua kwa nini kuna watu wanaong'ang'ania biolojia ya mifumo, anzia hapo. Madai yao ni kwamba tabia ya seli haisomeki kwa kuichunguza molekuli moja moja, kwa sababu inatokana na jinsi molekuli zinavyoamshana na kuzuiana. Mradi wa jenomu ya binadamu, yaani seti nzima ya jeni zake, ulipokamilika mwaka 2003 tulipata orodha ya vipuri, jeni takriban 20,000 za kutengeneza protini, bila mchoro wa nyaya zinazoviunganisha. Kuuchora mchoro huo kunahitaji mwanabiolojia, mkemia, mwanafizikia, mwanahisabati na mtaalamu wa kompyuta wakae meza moja. Taasisi ya kwanza ya aina hiyo ilianzishwa Seattle mwaka 2000, mwanabiolojia Leroy Hood akiwa mmoja wa waasisi.

Wapinzani wao si watu wa kupuuzwa. Mwanabiolojia Sydney Brenner, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2002, alishikilia kwamba huwezi kuanza na tabia ya mfumo ukarudi nyuma hadi kwenye utaratibu wake wa ndani, kwa kuwa mitambo mingi tofauti inaweza kuzaa tabia moja. Hoja hii ni nzito, na waandishi wengi wa modeli, yaani maelezo ya mfumo kwa milinganyo, huikwepa. Modeli yenye vigezo vingi visivyopimwa inaweza kunyooshwa hadi ikubaliane na takwimu zozote, na kukubaliana huko hakuthibitishi lolote.

Hata ramani zenyewe zimewahi kutuangusha. Mwaka 2000 na 2001 makundi mawili ya watafiti yalichapisha ramani za protini zinazoshikana ndani ya hamira, kwa mbinu moja, na ramani hizo zilifanana kidogo mno. Mwaka 2002 tathmini pana ilikuta kwamba kati ya miunganiko kama 80,000 iliyoripotiwa kwa hamira, takriban 2,400 tu ndiyo iliyoungwa mkono na zaidi ya mbinu moja. Sehemu ya tatizo iko kwenye mbinu ya zile ramani mbili: protini mbili zinalazimishwa kukutana katika kiini cha seli, ilhali katika maisha yao ya kawaida huenda hazikai hata sehemu moja. Mbinu zimeboreka sana tangu hapo, lakini kasoro ya msingi ipo: mstari kwenye ramani hausemi protini hizo hukutana lini, wapi, wala kwa nguvu gani.

Mimi naona faida kubwa zaidi imetoka kwenye modeli ndogo zenye swali la wazi. Mfano bora ni bakteria E. coli. Anapoogelea kufuata chakula huitikia mabadiliko ya kemikali, kisha huzoea na kurudi katika mwendo wake wa awali kwa usahihi wa ajabu. Mwaka 1997 Naama Barkai na Stanislas Leibler walionyesha kwa milinganyo michache kwamba usahihi huo unapaswa kudumu hata viwango vya protini husika vikibadilika sana, kwa kuwa umejengwa katika muundo wa mtandao. Mwaka 1999 maabara ikavibadilisha viwango hivyo kwa makusudi. Muda wa kuzoea ulibadilika, usahihi haukubadilika. Utabiri ule ungeweza kushindwa, na haukushindwa. Wala pingamizi la Brenner haliugusi, maana wawili hao hawakuanza na tabia wakabahatisha mtambo. Walianza na protini zilizokwisha kujulikana.

Upande wa pili kuna modeli ya seli nzima ya bakteria Mycoplasma genitalium, iliyotolewa na kundi la Stanford mwaka 2012: jeni 525, modeli ndogo 28 zilizounganishwa, takwimu kutoka machapisho zaidi ya 900. Naiheshimu kazi hiyo, hasa kwa sababu pale ilipotofautiana na vipimo, iliwaelekeza watafiti kwenye vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali) vya kupimwa upya. Lakini mwaka 2016, seli iliyoundwa maabara ikiwa na jeni 473 tu ilionyesha kwamba kazi ya jeni 149 kati yake haikujulikana. Ikiwa karibu theluthi ya vipuri vya seli sahili kiasi hicho hatukuvielewa wakati huo, modeli ya seli ya binadamu iko mbali.

Watetezi nao wakumbuke kwamba siri ya BRAF haikufichuliwa na mlinganyo. Watafiti walizima jeni nyingi na kutazama ni ipi ikizimwa dawa inafanya kazi. Hata hivyo, swali lenyewe lilikuwa la mtandao: nani mwingine anashika usukani BRAF ikizimwa?

Ushirikiano mara nyingi huvunjikia kwenye ratiba. Mwanahisabati huitwa majaribio yakiwa yamekwisha, anakabidhiwa vipimo vya saa ya kwanza na ya 24, ilhali ishara ya EGFR hupanda na kushuka ndani ya dakika chache. Hapo hana la kukokotoa. Angekuwepo siku ya kupanga jaribio, angeomba sampuli kila dakika mbili katika nusu saa ya kwanza, na mwanabiolojia angemwambia papo hapo ni zipi kati ya hizo zinawezekana kuchukuliwa.