Ni mimi wa ile bastola, na sikuzimia

Tuanze na hili: sikuzimia. Nilikaa chini. Kuzimia na kukaa chini ni vitu viwili, na shemeji anajua vizuri, maana kiti alinivutia yeye mwenyewe. Lakini voisi aliyoirusha kwenye grupu letu la Kansas City, ambayo kufikia jioni ilishatua Houston, Minneapolis na kwa mama mkwe Kibaha, inasema nilidondoka puu kwenye maonesho ya bunduki na wazungu wakanipepea kwa kofia. Hakuna aliyenipepea. Mmoja alinipa maji, basi.

Sasa wakuu, kwa mlioko nyumbani, niwaelezee kidogo mjue wazimu huu ulianzia wapi. Huku Missouri kuna jambazi wao anaitwa Jesse James. Alizaliwa 1847 pale Kearney, ukitoka kwetu ni mwendo mfupi tu kwa gari. Akaiba mabenki, akasimamisha treni, na tarehe 3 Aprili 1882 akauawa nyumbani kwake St. Joseph na kijana wa genge lake mwenyewe, Bob Ford. Alikuwa amevua mkanda wa bastola, amepanda kwenye kiti anapangusa vumbi kwenye picha ya ukutani, akala ya kisogo. Kupangusa vumbi, wakuu! Tangu nisome habari hiyo mimi kazi hiyo nyumbani siigusi, ni suala la usalama.

Halafu kuna suala la bei. Mwaka 2021 ile bastola ya kampuni ya Colt ambayo sherifu Pat Garrett alimuulia Billy the Kid, jambazi mwingine wa enzi hizo, iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 6. Mimi habari hiyo niliisoma niko zamu ya usiku, mgongo unauma, boksi limenikalia begani. Mbeba boksi akishaona milioni sita akili yake hairudi tena kwenye boksi.

Ndipo nikakutana na mzee mmoja nje ya mji, anauza vitu vya ghalani kwa marehemu wazazi wake. Katikati ya misumeno na taa za chemli, bastola. Imelala juu ya kitambaa chekundu. Akasema dola 1,200, nikamshusha hadi 850, na siku hiyo nilitembea kifua mbele, mtoto wa Kariakoo nimemkamua mzungu. Pesa yenyewe ilikuwa ya mabati ya nyumba yetu Kibaha. Hilo mama watoto alikuwa halijui. Sasa analijua.

(Wa vibali tulieni, najua mtauliza. Kwa sheria ya shirikisho huku, silaha iliyotengenezwa 1898 kurudi nyuma haihesabiwi kuwa silaha, na nakala za magobori ya kushindilia baruti vilevile. Majimbo yana ya kwao. Sikuvunja kitu zaidi ya bajeti.)

Niwaambie ilivyokuwa, msije mkadhani nilinunua chuma chakavu. Mtutu wa pembe nane, mrefu, mweusi wa kutu ya kupendeza. Silinda imechorwa meli zinapigana baharini, yaani unaona kabisa matanga na moshi wa mizinga. Fremu ya shaba ya njano, ukiisugua kidogo inawaka. Mpini wa mti umekatwa alama saba, na chini yake kwa kisu: J.J.

Shemeji alipoiona alisema J.J. hata Juma Jumanne anaandika hivyo. Nikamwona ni mtu wa wivu.

Na kilichonimaliza kabisa ni hati. Ilikuja na hati ya kiapo, karatasi imepauka, inasema bibi yao alinunua bastola hii shambani Kearney, mkononi mwa mama mzazi wa Jesse. Chini, saini. Pembeni ya saini, MUHURI. Mnanielewa. Mimi nimekulia nchi ambayo bila muhuri hata kifo chako hakijakamilika. Ule muhuri ulikuwa wa kubinya, ukipitisha kidole unausikia. Nilipitisha kidole njia nzima hadi nyumbani.

Basi, siku ya maonesho ya bunduki. Ukumbi mkubwa, meza hadi upeo wa macho, na kona moja kuna mthamini wa vitu vya kale anayeangalia bure. Mzee wa masharubu meupe, miwani ya kukuza imefungwa kichwani. Foleni ndefu. Nimevaa shati la kuingilia harusini. Shemeji nyuma yangu ameshaanza kurekodi, kwa idhini yangu, jamani, nilimwomba mimi! Nilitaka ushahidi wa siku tuliyotoka kwenye umaskini.

Nilipotamka jina la Jesse James foleni ikavunjika, watu wakaja kuzunguka meza. Nikafurahi. Nilidhani ni heshima.

Mzee akaanza na hati. Akaisoma yote, akatabasamu, nami nikamkanyaga shemeji mguu kwa furaha. Akasema taratibu: mama yake Jesse, Bi Zerelda, alimzika mwanawe uani pale shambani, akawa anatoza watu kiingilio. Kokoto za juu ya kaburi aliwauzia senti 25 moja, zikipungua anakwenda kuzoa nyingine kijitoni. Na bastola inasimuliwa ni hivyohivyo, alikuwa ananunua kuukuu zozote na kuwauzia wageni kuwa ni za marehemu. Kwa hiyo, akasema, hata bibi wa kwenye hati hii akiwa mkweli kama malaika, bado hatujapata kitu.

Mama wa watu, mkono mmoja aliupoteza walipovamiwa na wapelelezi wa Pinkerton 1875, na kwa uliobaki akafanya biashara kuliko mimi mwenye miwili.

Mthamini akaongeza ya Bat Masterson, sherifu mstaafu aliyeishia kuandika habari za ndondi New York. Watu walimsumbua wakitaka bastola yake, inasemekana akawa ananunua moja dukani kwa mweka rehani, anaikata alama kwenye mpini, anamkabidhi mtu. Akasema hivyo huku kidole gumba chake kinapita juu ya alama zangu saba. Moja, mbili, tatu. Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, tena kuwazidi, kama mtu anayejua la kwake halimo humo.

Kisha akaigusa fremu. "Shaba," akasema. Nikajibu ndiyo, shaba, kwa fahari. Akasema umbo hili ni la Colt Navy, toleo la 1851, na fremu yake Colt alitumia chuma. Fremu za shaba zilikuwa za viwanda vya Kusini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, walioishiwa chuma. Akaingiza kipimo mdomoni mwa mtutu, akakiinua watu waone. Navy ya kweli ni kipenyo cha .36 ya inchi. Yangu .44. Colt Navy ya .44 haikuwahi kutoka kiwandani kwa Colt. Akatafuta namba, maana Colt alipiga namba ileile kwenye fremu, kwenye mtutu, kwenye silinda, hadi kwenye kikabari kinachoshika mtutu. Yangu ilikuwa nayo sehemu moja tu. Kutu nayo akainusa, haki ya Mungu aliinusa, akasema imeenea sawasawa kila mahali, hata kwenye ncha ambako mfuko wa ngozi ungekuwa umeshailamba miaka mingi. Kuna watu wanapaka siki, akasema.

Mpaka hapo bado nilikuwa nimesimama. Shemeji hilo halisemi.

Halafu akaufungua mkono wa kushindilia. Ni kile chuma kilicholala chini ya mtutu, unavuta kibanio mbele, kinashuka. Mimi sikuwahi kukishusha, nilihofia kuharibu historia. Kikashuka kwa mlio wa kisigino cha kiatu kipya. Chini yake, mahali ambapo hakuna aliyepakumbuka kwa tupa wala siki, kulikuwa na maandishi, yamejaa uchafu na grisi.

"Kuna maandishi," akasema.

Moyo ukanipasuka. Jina lake! Mzee akachukua kitambaa, akadondosha mafuta, akaanza kusugua. Sasa sikilizeni: alianzia mwisho. Ikatoka herufi ya kwanza, Y.

Wakuu, Kearney inaishia na Y. Nilipiga kelele. "KEARNEY!" Iko kwenye klipu, sekunde ile picha inatikisika ni mimi nimemshika shemeji kola. Watu wawili wakapiga makofi. Mzee hakusema kitu, aliendelea kusugua.

L.

Kearney haina L. Niliitafuta. Nilisimama pale naipanga kichwani, K, E, A, R, nikakosa mahali pa kuiweka. Nikaona labda ni July. Jesse aliuawa Aprili lakini kwani mtu hawezi kununua bastola Julai?

A.

"Aly!" akasema shemeji kwa Kiswahili. "Ya Aly hii. Mzanzibari." Nikamwambia anyamaze.

T. Pale ukumbi ukaanza kunizidi akili. Wazungu waliona kabla yangu, nikawasikia wakivuta pumzi mmoja mmoja kunizunguka. Mama mmoja aliweka mkono mdomoni. Na mzee akasugua ile ya mwisho polepole, nadhani kwa huruma, ikatoka I iliyonyooka kabisa, safi, haina hata kutu.

ITALY.

Yale maneno MADE IN hata hakuyasugua. Aliona hakuna haja.

Na hapa, katika ukimya ule, ndipo nilipouliza lile swali ambalo sasa mnanitumia kwa stika: "Haiwezekani Jesse aliiagiza kutoka Italia?"

Mzee wa watu alinijibu kwa adabu, hilo namshukuru. Akanionyesha vialama viwili vidogo, kimoja ni nyota: chapa za ukaguzi wa Gardone Val Trompia, mji wa mafundi wa silaha, ambao wamekuwa wakiwatengenezea Wamarekani nakala za Colt tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Pembeni, kisanduku chenye herufi mbili, AC. Hizo ni mwaka wa ukaguzi. 1977. "Mwaka huo mimi nilikuwa naendesha lori," akasema. "Ni mkubwa wake."

Shemeji akapasua kicheko nyuma ya simu. "Sabini na saba! Rika la CCM! Jambazi kauawa 1882, bastola yake ina kadi ya chama!"

Nikafanya la mwisho lililobaki. Nikaweka kidole kwenye hati. "Lakini ina muhuri."

"Muhuri unasema aliyetia saini ni huyu," mzee akajibu. "Hausemi kwamba alichoandika ni kweli."

Hapo ndipo nilipokaa chini.

Yaliyobaki hayana utamu. Mpya dukani haifiki dola 300, na hiyo haijalowekwa siki. Simu ya yule muuzaji haipatikani. Njiani shemeji aliomba tusimame anunue soda, kumbe anatafuta mtandao wa kurushia voisi. Siku hizi msibani, harusini, kanisani naitwa Komredi Jesse, na kuna mtoto wa miaka sita ananisalimia "Kidumu chama". Mama watoto hajanigombeza, ananiita tu kwa jina langu kamili la kwenye pasipoti.

Fundi wa Kibaha kapiga tena leo alfajiri, anauliza mabati yamefika wapi, mvua imekaribia. Nimemwambia mtandao unakatika, nikakata. Kaandika meseji: "Bosi pole na ya Italia, lakini mabati."