Kipepeo Hahesabiwi kwa Kumbukumbu

Aliyekulia shamba hakosi wimbo huu: zamani vipepeo walikuwa wengi. Huenda ni kweli, ila wimbo peke yake haunitoshi. Kipepeo ana mwaka wa neema na mwaka wa njaa. Mvua ikikosea msimu wanaadimika, mwakani wanajaa tena. Ukihesabu misimu miwili tu, umehesabu hali ya hewa.

Ndiyo maana nawavulia kofia Waingereza. Tangu 1976 watu wao hupita njia zile zile kila wiki, Aprili hadi Septemba, wakihesabu vipepeo wa mita chache tu kulia na kushoto. Kazi ya kuchosha, isiyo na sifa. Lakini hesabu za aina hiyo, zilipokusanywa Marekani, zilionyesha kuwa kati ya 2000 na 2020 vipepeo walipungua kwa asilimia 22. Hapo huwezi tena kusingizia mvua.

Lawama kwa dawa za wadudu, mbolea ya viwandani na kulima mpaka ukingoni mwa shamba naikubali. Kinachonikera ni dawa inayopendekezwa upesi: tuache ardhi ijiendee.

Yupo kipepeo mkubwa wa buluu, Phengaris arion. Kiwavi wake hula maua ya thaimu, mmea mdogo wa harufu nzuri, kwa wiki chache, kisha hujiangusha chini. Sisimizi wekundu humdhania mtoto wao, wakambeba hadi kichuguuni, naye akala watoto wao miezi mingi (fadhila za punda!). Sisimizi hao hutaka udongo wenye joto, yaani nyasi fupi zilizoliwa na mifugo. Uingereza baadhi ya maeneo yake yalizungushiwa uzio kuwazuia wakusanyaji, kumbe uzio ukazuia na mifugo. Sungura nao walikuwa wameteketea kwa ugonjwa miaka ya 1950. Nyasi zikarefuka, udongo ukapoa, sisimizi hao wakaadimika. Mwaka 1979 kipepeo akatoweka nchini humo, na thaimu ipo.

Mtafiti Jeremy Thomas ndiye aliyefumbua fumbo hilo, akiwa ameshachelewa kidogo tu. Vipepeo wa kuanzia upya waliletwa kutoka Uswidi miaka ya 1980, wakaachiwa pale ambapo mifugo ilikuwa imetangulia kurudi.