Mtafuteni kwenye mirathi

Hongera mwandishi kwa habari ya ukoo huu wa majumbe (watawala wa zamani wa pwani) wa hapa Bagamoyo, ambao vijana wake wamekuta jina la binti asiyekuwemo kwenye shajara yao, yaani orodha ya nasaba. Ila hapo uliposema "wazee walimsahau" sikubaliani. Shajara zetu nyingi ni bin, bin, bin mpaka juu. Binti akishaolewa nje, kalamu inamruka. Hakusahauliwa huyo, hakuandikwa.

Hao vijana waweke shajara pembeni, watafute karatasi za mirathi na za wakfu. Kwa sheria ya Kiislamu binti ana fungu lake, nusu ya la kaka yake, na kadhi hagawi bila kumhesabu. Wakikuta shamba la minazi limegawanywa na mafungu hayalingani na wana wa kiume waliotajwa, basi kuna mwanamke hapo. Waulize na majina ya wajukuu, maana bibi hurithiwa jina.

Mali ndiyo inayowaibua mabinti. Hata Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, aliyeolewa na Mjerumani akaitwa Emily Ruete, aliporudi Unguja 1885 alidai urithi wake. Kaka yake Barghash akakataa.

Halafu ile hati iliyo pichani kwenye habari yako ni ya herufi za Kiarabu. Mpelekeeni maalimu mtu mzima aisome, msitegemee programu ya simu.