Tuwaambie kilichomo ndani ya kete

Kila tarehe 26 Juni, siku ya kupiga vita dawa za kulevya duniani, mgeni rasmi hupanda jukwaani na kutuambia kwamba dawa za kulevya zinaua. Teja aliyejibanza kijiweni analijua hilo kuliko mgeni rasmi, kwa sababu ameshazika wenzake. Asichokijua ni kilichomo ndani ya kete, kile kipakiti cha unga wa heroini, atakayoinunua jioni. Onyo lisilogusa hapo halimsaidii kitu.

Angalieni yaliyowakuta ndugu zetu wa Sierra Leone. Kush, dawa ya kulevya ya kuvuta, ilipoanza kuwamaliza vijana wa Freetown, habari iliyoenea ni kwamba imechanganywa na mifupa ya watu, hadi makaburi yakawekewa ulinzi. Aprili 2024 Rais Julius Maada Bio akatangaza hali ya dharura. Matokeo ya vipimo vya maabara yalikuja kuchapishwa Februari 2025, na yakaonyesha kwamba karibu nusu ya sampuli zina nitazini, na nyingi ya zilizobaki zina bangi bandia ya kemikali. Nitazini ni jamii ya dawa zinazofanya kazi kama heroini. Zilibuniwa na wanakemia miaka ya 1950 kwa ajili ya maumivu lakini hazikuruhusiwa kutumika hospitalini, na baadhi yake zina nguvu kuishinda hata fentanili, dawa ya maumivu iliyo kali kuliko heroini. Watu walikuwa wanalinda makaburi huku sumu yenyewe ikiuzwa mtaani.

Tofauti ya nitazini na bangi bandia si ya wasomi tu. Nitazini hukata pumzi, na naloksoni, dawa inayozima nguvu ya heroini na jamii yake, ikiwahi, pengine kwa dozi zaidi ya moja, mtu hurudi. Kwa bangi bandia naloksoni haifui dafu. Hata vile vijikaratasi vya kupimia fentanili haviioni nitazini. Bila kujua kilichomo, hata anayetaka kuokoa anabahatisha.

Kwetu Tanzania unga ukikamatwa, sampuli hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Pale hupimwa, ripoti huandikwa, kisha ripoti hiyo huenda mahakamani kuwa ushahidi. Hilo ni sawa kabisa. Lakini kama mkemia ameona kitu kigeni kwenye unga wa Temeke, kwa nini taarifa isifike Temeke wiki hiyohiyo? British Columbia, Kanada, waliotangaza dharura ya afya mwaka 2016, hutoa tahadhari zinazotaja mji, rangi ya unga na kilichoonekana ndani yake, na watumiaji huzipata kwa ujumbe wa simu. Vifo havijakwisha huko, ni kweli, ila mtu hufa akiwa ameambiwa ukweli, na wengine hunusurika.

Sisi tuna njia nzuri kuliko simu. Tangu kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini, ilipofunguliwa Muhimbili mwaka 2011 na nyingine kufuata, waraibu hupanga foleni asubuhi kunywa dozi mbele ya muuguzi. Ndugu zao bado wako vijiweni. Neno likisemwa dirishani saa mbili asubuhi, mchana limeshafika maskani.

Najua watakaosema huko ni kuwafundisha watu kuvuta. Jamani, anayevuta ameshaanza. Mzazi anayesubiri mwanawe aache unga anahitaji kwanza mwanawe awe hai.

Na tahadhari iseme la kufanya. Mtu akizidiwa, midomo ikageuka rangi na pumzi ikawa ya kukoroma, wenzake humwagia maji, humzaba makofi, hukimbilia maziwa. Maziwa kwa aliyepoteza fahamu yanaweza kumpalia akafa. Asiachwe peke yake. Pumzi ikikata apuliziwe mdomoni, ikirudi alazwe ubavu, na apelekwe hospitali haraka, bila wenzake kuogopa kwamba wakifika mapokezi wataitiwa polisi. Hofu hiyo serikali inaweza kuiondoa kwa waraka mmoja, na ningependa kuuona umebandikwa kwenye mlango wa kila zahanati kuanzia Tanga hadi Mtwara.